Kuomba kazi ya uhadhiri au utafiti Dar es Salaam: mwongozo kwa anayeanza

Tangazo la nafasi za wahadhiri likitoka huwa wazi kwa muda mfupi, mara nyingi wiki mbili hivi. Ndani ya wiki mbili huwezi kuchapisha makala, huwezi kufuatilia cheti kilichopotea mpaka kikafika mkononi, wala huwezi kupatanisha majina yanayogombana kwenye vyeti vyako. Karibu kila jambo litakaloamua kama utaitwa kwenye usaili hufanyika kabla tangazo halijatoka, ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu miezi ile ambayo hakuna nafasi yoyote iliyotangazwa.

Nauandika kwa sababu naona vijana waliofaulu vizuri sana Mlimani, Muhimbili, Ardhi na kwingineko wakiachwa nje ya orodha ya wasailiwa, na ukichunguza unakuta somo wanalijua barabara. Kilichowaangusha ni karatasi. Inauma, kwa kuwa ni jambo linalozuilika.

Hatua ya kwanza: jua nani anaajiri, na kupitia mlango gani

Watu wakisikia kazi ya kufundisha chuo Dar es Salaam, akili inakwenda moja kwa moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Panua macho. Vyuo vikuu vya umma vilivyopo jijini ni pamoja na hicho cha Mlimani na chuo chake kishiriki cha elimu pale Chang'ombe, DUCE. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, chenye kampasi Upanga na Mloganzila. Chuo Kikuu Ardhi. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho makao yake yako Kinondoni. Halafu kuna taasisi za umma ambazo si vyuo vikuu lakini zinafundisha mpaka ngazi ya shahada na zinaajiri wahadhiri na wakufunzi: Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo, Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kule Kigamboni. Upande wa binafsi kuna Hubert Kairuki pale Mikocheni, Tumaini, Kampala International kule Gongo la Mboto, St. Joseph, Aga Khan na vingine.

Mlango ni jambo la kuangalia sana. Nafasi nyingi za taasisi za umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na maombi hupokelewa kwenye mfumo wa Ajira Portal tu. Zipo nyakati ambapo chuo chenyewe hutangaza, hasa nafasi za mkataba na za miradi ya utafiti, na maombi yakaelekezwa kwa Makamu Mkuu wa Chuo au kwa mkurugenzi wa taasisi husika. Vyuo binafsi hupokea maombi yao wenyewe. Soma sehemu ya mwisho ya tangazo, ile ya namna ya kutuma maombi, kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Aliyepeleka bahasha kwa mkono ofisi ya utumishi ya chuo wakati tangazo linataka maombi ya kwenye mfumo, huyo hajaomba.

Angalia na kituo cha kazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Afya Mbeya, kina Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, na kupitia mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu uitwao HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 za Marekani, kimekuwa kikijenga kampasi Kagera na Lindi. Muhimbili nao wamekuwa wakijenga Kigoma. Unaweza kuomba kazi ya chuo cha Dar es Salaam ukajikuta unapangiwa ziwani. Kwa wengine hiyo ni habari njema: chipukizi hupata madarasa, maabara na nafasi ya kusikika haraka zaidi kwenye kampasi changa. Lakini ujue kabla.

Hatua ya pili: jipime cheo bila kujidanganya

Ngazi za kitaaluma zinakwenda hivi: Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Upande wa utafiti kuna ngazi zinazolingana na hizo, kuanzia mtafiti msaidizi.

Mkufunzi Msaidizi ni mwenye shahada ya kwanza, na matangazo mengi ya miaka ya karibuni yanataka GPA, yaani wastani wa alama zako za shahada, isiyopungua 3.8 kati ya 5. Ni nafasi ya kulelewa: chuo kinakuchukua ili usome uzamili, na unapewa muda wa kuumaliza. Mhadhiri Msaidizi ana uzamili, mara nyingi wenye GPA ya 4.0 au zaidi, na bado wanarudi nyuma kuangalia shahada yako ya kwanza. Mhadhiri ana uzamivu. Kwa shahada zisizopangwa kwa madaraja, kama ya udaktari wa binadamu, tangazo hutaja wastani wa herufi kwenye somo husika badala ya GPA.

Sasa tuseme wewe una 3.6 ya shahada ya kwanza na uzamili mzuri kabisa. Kama tangazo limeandika 3.8 kwa shahada ya kwanza, mfumo hautasikiliza hadithi yako. Mimi naamini kigezo hiki kinatunyima walimu wazuri, kwa sababu kuna mtu aliyeyumba mwaka wa kwanza kwa ada au kwa msiba, akasimama, na leo anafundisha kuliko wenye 4.5. Lakini imani yangu haibadilishi tangazo, na sitaki upoteze miaka ukiomba mlango uliofungwa. Kwa mtu wa namna hiyo njia zilizo wazi ni miradi ya utafiti, ambayo inatazama zaidi unachoweza kufanya. Vyuo binafsi, baada ya kusoma vigezo vyao. Kazi za maabara na ufundi vyuoni. Na ufadhili wa uzamivu nje, ambako uzamili wako na andiko lako la utafiti vina uzito mkubwa.

Umri nao uko kwenye masharti. Matangazo mengi ya Sekretarieti yanataka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yuko kwenye utumishi wa umma.

Na kama wewe ni mtumishi wa umma tayari, tuseme mwalimu wa sekondari Temeke aliyejisomea uzamili jioni, barua yako ya maombi lazima ipitishwe kwa mwajiri wako. Usiruke hapo ukitumaini hakuna atakayegundua. Namba ya utumishi wako iko kwenye mifumo ya serikali, na siku ya kupangiwa kazi ndipo mambo yatakapokwama. Anza mazungumzo na mwajiri mapema, kwa heshima na kwa maandishi, maana barua inaweza kukaa mezani wiki tatu wakati dirisha la maombi ni wiki mbili.

Hatua ya tatu: faili la karatasi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa.

Unahitaji cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha Taifa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha kidato cha sita au stashahada, vyeti vya shahada zako zote, na nakala kamili za matokeo ya kila shahada, zile zinazoonyesha somo kwa somo, mwaka kwa mwaka. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita zisizo vyeti hazikubaliki. Barua ya chuo inayosema umemaliza na unasubiri mahafali haikubaliki. Nakala ya matokeo ya mwaka wa kwanza na wa pili tu haikubaliki. Masharti haya hurudiwa karibu kila tangazo, na bado kila mara kuna watu wanaopakia hati ya matokeo ya sekondari wakisema cheti chenyewe kiko shuleni hawajawahi kukifuata. Kifuate. Panda basi uende ukakichukue mwezi huu, si siku tangazo litakapotoka.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rehema Juma Salum, cha kidato cha nne kinasema Rehema J. Salumu, kitambulisho cha Taifa kinasema Rehema Juma, na shahada imebeba jina la mume. Huyu ni mtu mmoja kwa jirani yake, lakini kwa mhakiki ni watu wanne. Weka vyeti vyote mezani, kimoja kando ya kingine, usome herufi kwa herufi. Kosa la herufi kwenye kitambulisho cha Taifa linarekebishwa NIDA, mamlaka ya vitambulisho. Kosa la cheti cha kuzaliwa ni la RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Jina lililobadilika kweli linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha mahakamani kinaweza kukusaidia mahali pengine, ila usikitegemee peke yake hapa mpaka uone tangazo linakiruhusu. Kazi hii huchukua muda na nauli, nayo haina njia ya mkato.

Shahada ya nje ya nchi, hata ya Nairobi au Kampala, lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Omba utambuzi mara tu unaporudi na cheti. Aliyesoma sekondari nje anahitaji ulinganifu wa matokeo kutoka Baraza la Mitihani, NECTA. Wapo watu wenye uzamivu wa vyuo vikubwa vya Ulaya na Asia waliokosa nafasi kwa sababu waliona utambuzi wa TCU ni jambo la kufanya baadaye.

Nakala zako zigongwe muhuri na wakili au hakimu. Kisha zipige picha kwa skana halisi kwenye steshenari, usitumie simu chini ya taa ya chumbani. Karibu na geti la kila chuo jijini kuna maduka ya kuchapa na kuskani; waambie wakupe kila hati kama PDF yake, iliyo wima, isiyokatika pembe, yenye ukubwa ambao mfumo unapokea. Yape majina yanayoeleweka, na uyaweke mahali pawili, kwenye flashi na kwenye barua pepe yako mwenyewe. Ukimaliza kuskani kwenye kompyuta ya dukani, futa mafaili yako na utoke kwenye akaunti zako.

Fungua akaunti ya Ajira Portal leo hata kama hakuna nafasi unayoitaka. Jaza kila sehemu taratibu. Unapochagua jina la kozi uliyosoma kutoka kwenye orodha ya mfumo, chagua linalolingana na lililoandikwa kwenye cheti, maana uchambuzi wa kwanza unaanzia hapo, na aliyechagua kozi jirani anaweza kuonekana hana sifa. Tumia barua pepe utakayokuwa nayo miaka kumi ijayo; barua pepe ya chuo ulichohitimu inaweza kufungwa. Na siku ya mwisho ya maombi usiitegemee: mfumo huelemewa, umeme hukatika, bando huisha saa tano usiku.

Kuomba ni bure. Mtu anayekutumia ujumbe kwamba kwa shilingi kadhaa atakuwekea jina kwenye orodha ni tapeli, hata kama anajua jina lako kamili na nafasi uliyoomba. Mripoti polisi na kwa Sekretarieti.

Hatua ya nne: soma tangazo kama mtafiti

Chukua kalamu. Weka alama kwenye kila sharti lenye neno "lazima", kila "na", na kila "au". Tangazo likisema uzamili wa isimu ya Kiswahili na shahada ya kwanza yenye Kiswahili, mambo mawili yanatakiwa pamoja. Likisema uzamili wa uchumi au uchumi kilimo au uchumi wa mazingira, milango iko mitatu. Kisha linganisha na cheti chako, siyo na unavyojieleza kwa watu. Mtu aliyesoma shahada ya elimu katika sayansi, akibobea fizikia, anaweza kuwa anaifahamu fizikia kuliko wengi, lakini nafasi ya Idara ya Fizikia inaweza kutaka shahada ya fizikia yenyewe. Ukiwa na shaka, piga simu ofisi iliyotajwa kwenye tangazo, uulize kwa kifupi.

Omba nafasi mbili au tatu unazozistahili, uachane na kumi na tano ulizobahatisha. Kwenye vyuo vyetu wanaofanya fani moja wanajuana, na jina linaloonekana kwenye maombi ya masoko, ya utawala na ya takwimu kwa wakati mmoja linaacha swali.

Hatua ya tano: barua na wasifu

Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye sahihi yako na tarehe, imeelekezwa kwa cheo kilekile kilichotajwa kwenye tangazo. Matangazo ya Sekretarieti huwa yanasema lugha zinazokubalika; fuata hapo. Usianze na historia ya familia. Aya inayofanya kazi ni kama hii:

"Naomba nafasi ya Mhadhiri Msaidizi katika fani ya Mipango Miji. Nina shahada ya uzamili ya Mipango Miji yenye GPA ya 4.3 na shahada ya kwanza ya fani hiyohiyo yenye GPA ya 3.9. Tasnifu yangu ilichunguza makazi yaliyojengwa kwenye maeneo ya mafuriko ya Bonde la Msimbazi, na ninaweza kufundisha kozi za matumizi ya ardhi, ramani za kompyuta na mbinu za utafiti."

Msomaji wake ameshajua cheo, vigezo vyote viwili, ulichotafiti na utakachofundisha. Mengine yako kwenye viambatisho.

Wasifu wa kitaaluma hauna sheria ya kurasa mbili kama wa benki, ila usiujaze maji. Elimu kwanza, kisha uzoefu wa kufundisha ukitaja kozi kwa jina, kisha utafiti na machapisho, kisha miradi na ufadhili, halafu ujuzi wa kazi: programu za data na ramani kama R, Stata, QGIS na NVivo, vifaa vya maabara unavyoweza kuviendesha mwenyewe. Uliongoza semina za mwaka wa kwanza ukiwa mwanafunzi wa uzamili? Andika, taja kozi na idadi ya wanafunzi. Makala yaliyokubaliwa yatenganishe na yaliyotumwa tu. Usiandike hobi.

Kuhusu machapisho, jihadhari na majarida laghai yanayokutumia barua pepe yakikusifu, yakiahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa dola mia mbili. Jopo linayajua. Makala moja kwenye jarida la kweli, hata la hapa nyumbani kama Kioo cha Lugha kwa wana isimu na fasihi au Tanzania Journal of Science kwa wanasayansi, inakubeba mbali kuliko sita za kununua. Fungua namba ya ORCID, namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtafiti, ni bure, ili machapisho yako yasichanganywe na ya mtu mwenye jina kama lako. Kwa akina Mwita, Juma na Massawe hilo ni jambo la dharura.

Wadhamini

Matangazo mengi hutaka watatu, wenye anwani na simu zinazopatikana. Wachague wanaojua kazi yako: msimamizi wa tasnifu, mkuu wa idara uliyofanyia semina, kiongozi wa mradi. Jina kubwa la mtu asiyekukumbuka halina faida. Na usimweke mtu bila kumwomba. Ujumbe unaofaa hauhitaji maneno mengi:

"Shikamoo Profesa. Ni Neema, uliyenisimamia tasnifu ya uzamili kuhusu maji ya visima vya Mbagala. Naomba ridhaa yako nikuweke kuwa mdhamini wangu kwenye maombi ya Mhadhiri Msaidizi. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa ijayo. Nimeambatisha tangazo, wasifu na muhtasari wa tasnifu ili iwe rahisi kwako. Ahsante sana kwa malezi yako."

Umemkumbusha wewe ni nani, umempa tarehe na umemrahisishia. Akikubali, mjulishe matokeo baadaye, yawe mazuri au mabaya. Wanafunzi wengi hupotea hadi siku wanapohitaji barua nyingine.

Ukitafuta upande wa utafiti

Nafasi za utafiti hazisubiri ikama ya serikali, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Zinakuja na mradi: fedha zikiingia wanatafuta watu, mradi ukiisha mkataba unaisha. Kwa Dar es Salaam, angalia Muhimbili, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa (NIMR), Ifakara Health Institute yenye ofisi Mikocheni, TIRDO upande wa viwanda, TAFIRI upande wa samaki, na REPOA na ESRF kwa uchumi na sera. Ndani ya vyuo kuna taasisi zenye watafiti wao, kama Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Mlimani.

Huku wanataka kuona kazi. Umekusanya data mahali gani, kwa kifaa gani, ulizisafisha vipi, matokeo yalikwenda wapi? Kama umesoma kozi ya maadili ya utafiti, ambatisha cheti. Ujue taratibu za vibali: utafiti wa afya unaohusu binadamu unapitia kamati za maadili, ile ya kitaifa ikiwa chini ya NIMR, na watafiti kutoka nje ya nchi wanahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Msaidizi wa utafiti anayejua kuandaa faili la kibali hupendwa na kila kiongozi wa mradi.

Kabla ya kusaini mkataba wa mradi, uliza muda wake, kama jina lako litaingia kwenye machapisho, na kama michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa. Swali la NSSF liulize na kwenye vyuo binafsi. Kisheria mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata zaidi ya nusu yake.

Kufundisha kwa muda kwenye chuo binafsi ni njia nzuri ya kujenga wasifu. Dai barua ya uteuzi inayotaja kozi, muhula na malipo kwa saa, maana uzoefu usio na barua hautahesabika.

Hatua ya sita: usaili

Orodha ya walioitwa hutoka kwenye tovuti na ndani ya akaunti yako. Iangalie mwenyewe kila siku, usisubiri kuambiwa na kundi la WhatsApp. Usaili unaweza kuwa Dar es Salaam, unaweza kuwa Dodoma. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo weka akiba tangu siku unayotuma maombi. Treni ya SGR imerahisisha safari ya Dodoma, ila tiketi huwahiwa. Kwa usaili wa hapa jijini, fika jirani na eneo mapema. Mwenye kwenda Kigamboni kwa pantoni na mwenye kupita Ubungo asubuhi wote wanajua kwa nini.

Beba vyeti halisi vyote na kitambulisho kinachotambulika. Aliyekuja na nakala peke yake hurudishwa mlangoni.

Usaili wa mchujo ni wa kuandika. Rudia misingi ya somo lako, ile ya mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu mtu aliyezama miaka mitatu kwenye tasnifu husahau mambo ya msingi. Soma pia mbinu za utafiti na namna ya kutunga mtihani na kusahihisha.

Baada ya hapo ni mahojiano, na kwa wanataaluma mara nyingi kuna somo la majaribio: unasimama mbele ya jopo unafundisha kwa dakika chache, kumi au ishirini. Hapa ndipo panapoamua. Wengi huja na slaidi thelathini na kuzisoma mbio, wakidhani jopo linataka kuona wanajua mengi. Jopo lina maprofesa wanaoijua mada hiyo kuliko wewe. Wanachotaka kuona ni kama mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyekaa nyuma kwenye ukumbi wenye watu mia nne, ataelewa.

Chagua dhana moja tu. Tuseme umepewa sampuli nasibu. Anza na swali: tukitaka kujua abiria wa mwendokasi wanangoja basi kwa dakika ngapi, tukisimama Kimara saa moja asubuhi tu tukauliza watu hamsini, jibu letu litakuwa na kasoro gani? Waache wafikiri kidogo. Kisha toa maana, andika ubaoni, rudi kwenye mfano na uonyeshe jinsi ya kugawa vituo na saa. Halafu uliza swali la kupima kama wameelewa, hata kama waliokaa mbele yako ni maprofesa. Waulize kama wanafunzi. Malizia kwa kutaja somo litakalofuata. Ukipewa dakika kumi, maliza kwa tisa.

Fundisha kwa lugha utakayofundishia kazini. Vyuoni ni Kiingereza, isipokuwa kwenye taaluma za Kiswahili, na ufasaha wa kueleza dhana kwa sauti hauji kwa kusoma kimya. Fanya mazoezi mbele ya watu: wenzako wa hosteli, wadogo zako sebuleni, yeyote atakayekubali kukukatiza na kuuliza "kwa nini?" Zoea ubao, kwani projekta hugoma.

Maswali ya mahojiano yanayojirudia ni haya: tasnifu yako imeongeza nini kwenye fani? Ungefundisha kozi zipi kati ya zilizopo kwenye mtaala wetu? Mpango wako wa uzamivu ni upi? Utafanyaje ukikuta mtihani umevuja, au mwanafunzi anakubembeleza kwa alama? Kwa swali la kozi, jibu zuri linatokana na kupekua mtaala wa idara kabla hujaenda. Mtu anayetaja kozi kwa jina na kusema angeongeza mazoezi gani ya vitendo huonekana mara moja kwamba amekuja kufanya kazi hapo. Kwa swali la maadili, taja utaratibu: kuripoti kwa mkuu wa idara, kwa maandishi, bila kuamua peke yako.

Wanawake wenye watoto wadogo, na watu wenye ulemavu, msijitoe kwa kudhani mtaonekana mzigo. Matangazo huwataka wenye ulemavu waeleze hali yao ili wahudumiwe. Eleza unachohitaji, iwe mkalimani wa alama, maandishi makubwa au chumba cha chini.

Baada ya usaili

Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaweza kuwekwa kwenye kanzidata na ukaitwa baadaye nafasi ikipatikana, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu na endelea kuangalia matangazo ya kuitwa kazini. Ukikosa kabisa, andika usiku huohuo maswali yote unayoyakumbuka na mahali uliposhikwa, ungali unayakumbuka vizuri.

Ukiitwa, ripoti ndani ya muda uliotajwa ukiwa na vyeti halisi. Kwa vyuo vya umma utaingizwa kwenye PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na kama ulikopeshwa na Bodi ya Mikopo, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Panga bajeti ya pango ukijua hilo. Kuna kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini.

Wiki ya kwanza, omba dakika ishirini na mkuu wa idara. Muulize utapewa kozi ngapi na vipindi vingapi kwa wiki, nani atakuwa mlezi wako, unatakiwa uwe umeanza uzamili au uzamivu ifikapo lini, ufadhili gani idara inaufahamu, na tarehe za kupeleka matokeo kwenye mfumo. Andika majibu yake mbele yake. Kisha omba ratiba na mtaala wa kozi zako, na nakala ya mitihani ya miaka iliyopita, uanze kuandaa somo la kwanza.